Kutazama Wanaopanda Gatsata

Kukaa na kutazama watu wengine wakitoka jasho ni jambo ambalo sikuwahi kulielewa, na nasema hivyo bila haya. Shule niliiacha mapema kule Bujumbura, tulikokulia ukimbizini, na tangu hapo nimekula kwa mikono yangu. Niliporudi Rwanda nilibeba magunia ya unga kwa baiskeli kutoka bondeni Nyabugogo kupandisha mlima wa Gatsata. Leo nina duka la vipuri vya magari hukohuko Gatsata, giaboksi na radieta zimepangwa hadi darini, na hakuna aliyenishika mkono. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akae jioni nzima atazame vijana wakigombea mpira mmoja, atakuuliza: na mimi nalipwa nini?

Mke wangu alikuwa kinyume changu kabisa. Alitazama chochote chenye mshindi. Mpira wa miguu, mpira wa wavu wa wasichana wa shule, hata watoto wakisukuma matairi mbele ya duka langu, angesimama na beseni kichwani mpaka aone nani kafika kwanza. Nilimpeleka uwanja wa Remera mara chache, na kila mara niliaibika. Hakuwa mtu wa kukaa. Mchezaji akivuta mguu apige, naye mguu wake unatoka. Alimpiga teke mzee aliyekaa mbele yetu, akamwomba radhi, akampiga tena.

Siku hiyo tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, "Unapata nini pale?"

"Nataka," akasema.

"Unataka nini?"

"Nataka tu. Nyumbani kila kitu umeshakitaka wewe. Umetaka duka, umetaka nyumba, umetaka watoto wasome. Mimi nimefuata, sijalalamika. Ila pale uwanjani nataka cha kwangu."

"Na wakifungwa?"

"Nitataka tena Jumamosi."

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Kisha kiharusi kikampiga akiwa anachambua maharage. Upande wa kulia ukafa, ulimi nao ukafa. Hospitali walifanya walichoweza, wakaturudisha nyumbani, wakasema apewe chakula kidogo kidogo na atiwe moyo. Chakula nilikielewa. Moyo nitautia kwa kijiko gani?

Nataka msomaji anielewe hapa. Mke wangu hakukataa kula. Afadhali angekataa. Alifungua mdomo kwa sababu kijiko kimefika, na uji ukamtoka upande kama maji katika bomba bovu. Binti yetu anapangusa, mimi najaza kijiko, uji unatoka. Macho yake yalitazama ukuta, na ukutani hapakuwa na kitu. Nilimwashia televisheni, mpira ukachezwa mpaka ukaisha, hakugeuza shingo. Nililetewa padri, akamwombea vizuri sana. Nililetewa dawa za majani, nikazitupa. Akawa anakonda mbele yangu. Nikimwinua kumgeuza kitandani nilihisi nimeinua nguo.

Mimi najua kutengeneza kitu kilichoharibika. Unakifungua, unatafuta kilichokatika. Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda nikatafuta, na nilichokiona ni hiki: mwanamke huyu hataki kitu. Wanaosema watu hupenda michezo kwa sababu ya furaha wamekosea, maana nimewaona wakilia na kutukana na kurudi tena wiki ijayo. Wanaenda kutaka. Mtu akiwa na maisha ambayo mengi yameshaamuliwa na wengine, pale anapata kitu cha kutaka kwa nguvu zote na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Na mtu asiyetaka kitu, uji utashikwa na nini ndani yake?

Ndipo binti yetu akasema, "Baba, mbio za baiskeli zinapita barabara yetu kesho."

Barabara iko chini. Nyumba yangu iko juu, mahali ambapo gari halifiki, ni njia ya udongo na ngazi za mawe, na kile kiti cha magurudumu tulichopewa hospitali kingemtupa bondeni. Lakini mtaani kwetu kuna ingobyi, kitanda cha kusuka chenye miti miwili ambacho wanaume wanne huweka begani na kumshusha mgonjwa mpaka kwenye gari. Msimamizi wake ni jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, naye amekulia Bujumbura kama mimi. Sikuwahi kumwomba kitu. Nilikwenda.

"Nataka ingobyi," nikamwambia.

Akaweka chini chuma alichokuwa nacho. "Mama amezidiwa?"

"Hajazidiwa. Nataka kumpeleka akatazame baiskeli."

Alivua miwani yake ya kazi, akanitazama. "Muzehe, ingobyi inampeleka mtu hospitali, au inamrudisha. Haijawahi kumpeleka mtu kwenye starehe."

"Basi kesho itajifunza."

"Na wewe utabeba? Maana tumekuzoea nyuma ya usukani."

"Nitabeba mbele."

"Mbele ni kwa wenye magoti," akasema, wenzake wa karakana wakaangua kicheko. Lakini alikubali.

Asubuhi tulimfunika blanketi, tukamfunga kwa kanga mbili asiteleze, tukashuka. Mimi nilikuwa mbele, upande wa kushoto, na magoti yangu nayajua mwenyewe. Yeye alitazama mawingu. Binti yetu alifuata na chupa ya uji.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliwaza, na mtu yeyote aliyezaliwa na Wanyarwanda angepaswa kuliwaza. Kwetu ingobyi ikipita, huulizi. Huulizi ni nani, anaumwa nini, anakwenda wapi. Unaacha jembe, unaingiza bega, unampumzisha aliyechoka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, hata tuliolelewa nje ya nchi. Tulipotokea chini, barabara ilikuwa imefungwa, watu wamesongamana pande zote mbili, watoto wanapiga madumu, motari wamepanda juu ya pikipiki zao. Mtu mmoja akageuka akatuona.

"Mgonjwa! Achieni njia! Mgonjwa!"

Watu wakapasuka katikati kama nguo. Kabla sijafungua mdomo, kijana mwenye mabega mapana alikuwa amenitoa mti begani. "Pumzika, muzehe, umefanya kazi." Mwingine akamtoa fundi. Wale wanne wapya wakaanza kukimbia kuelekea kituo cha afya, kwa mbio ambazo sijaona mgonjwa akikimbizwa nazo.

"Si hospitali!" nikapiga kelele. "Ni baiskeli! Anataka baiskeli!"

"Ndiyo, muzehe, usiogope, baiskeli hazijafika, tutavuka!" akanijibu mmoja bila kugeuka.

Polisi aliyekuwa anawazuia watu wasivuke akaona ingobyi, akainua kamba mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Walimpigia mke wangu makofi kama mchezaji! Mimi nakimbia nyuma, fundi ananipita, binti yetu anatupita sote na chupa ya uji, na ving'ora vya pikipiki za mbele vimeshasikika kutoka Nyabugogo. Mara upepo ukapita nyuma yetu, fyuuu, rangi zote kwa pamoja, na umati ukanguruma. Yeye alikuwa amelala chali, amezungukwa na migongo ya watu wema, anaona mawingu.

Ndipo tukasikia.

"Oya!"

Hapana. Neno moja la Kinyarwanda, zito, limetoka upande mmoja wa mdomo, lakini lilikuwa neno. Kijana mwenye mabega akasimama ghafla hata wenzake wakamgonga.

"Nani kasema hapana?"

"Oya!" akasema tena mke wangu, na mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi, ukaushika ukingo wa ingobyi na kuutikisa.

Nilifika nikihema kama mhalifu. "Mgeuzeni," nikasema. "Mgeuzeni atazame barabara, nyie wapumbavu wenye roho nzuri."

Wakamgeuza, wakamweka ukingoni mwa barabara, binti yetu akamwinua kichwa. Lakini barabara ilikuwa tupu. Magari ya timu yalikuwa yanapotelea konani, na watu walikuwa wameanza kukunja miavuli.

"Wameshapita, mama," kijana akasema polepole. "Tusamehe."

Sijui kama umewahi kufikia mahali ambapo umebakiwa na kitu kimoja, kisha ukaona watu wazuri wakikiharibu kwa wema wao. Huna hata wa kumchukia. Nilikaa chini kwenye lami, mimi ambaye sikai chini mbele ya watu.

"Yuko mmoja bado," akasema fundi.

Alikuja peke yake, nyuma kabisa, kijana mwembamba, goti linavuja damu, bila shaka alianguka huko chini. Mlima ulikuwa unamla. Baiskeli iliyumba kulia, ikayumba kushoto. Watu waliokwisha kugeuka wakageuka tena, na makofi yakaanza, mazito kuliko ya wale wa mbele.

Mlima huo mimi nimeupanda na magunia mawili, na kwa miaka mingi nimejisifu kuwa hakuna aliyenipigia makofi. Si kweli. Alikuwepo msichana mmoja akiuza maparachichi konani. Nikitokea chini alisimama, nikipita kona alikaa. Hakuja kusukuma hata siku moja. Alisimama tu, na mimi sikuthubutu kushuka kwenye baiskeli akinitazama. Nilimwoa nikidhani ni kwa sababu ya uzuri wake.

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa kwa yule kijana, na chini ya blanketi, mguu wa kushoto ulikuwa unakanyaga. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Mpaka alipopotea konani, ndipo mguu ukatulia.

"Muzehe, unalia?" fundi akauliza.

"Ni moshi wa magari."

Jioni binti yetu alileta uji. Mke wangu akafunga mdomo. "Oya," akasema, akausukuma mkono wangu. Binti akaanza kulia, akidhani tumerudi palepale. Mimi niliona tofauti, lakini tofauti haishibishi mtu.

Nikamwinamia. "Sikiliza, mama watoto. Kesho wanapita Nyarutarama. Ni mbali, na wale vijana hawatabeba mtu ambaye hali. Mimi nikiwa wao nisingebeba."

Alinitazama kwa hasira kabisa, kama anavyotazamwa mwamuzi. Kisha akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza kilishuka. Cha pili kilimwagika nusu. Cha tatu kilishuka.

Nikavaa viatu nikaenda kwa fundi kuomba tena, mara ya pili katika maisha yangu. Njiani niliuliza watu kama mbio zitaendelea hata baada ya hapo. Wakaniambia kesho ndiyo mwisho, wageni wanarudi kwao. Nilisimama mbele ya mlango wake kitambo kabla ya kubisha. Kesho ninayo. Kesho kutwa sijui nitampa nini cha kutaka.