Siku Ngole Alipoamuru Ng'ombe Waachwe

Mchana huo nilikuwa nje ya nyumba ya bibi yangu, kijijini Kimali, nikiandaa somo la historia. Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, niko likizo. Bibi alikuwa mjane wa mtemi wa mwisho wa kwetu. Utemi ulifutwa kabla sijazaliwa, lakini watu bado walimwita Ngole, yaani mke wa mtemi.

Akipepeta mtama, aliniuliza nasoma nini. Nikamweleza habari za malkia wa Ulaya ya zama za kati ambaye mumewe alitekwa vitani, naye akashika ngome na kuwaamuru wakubwa wa nchi.

"Nani alimpa ruhusa?"

Nikasema hakuna.

"Na wote walimtii?"

Nilimjibu kwamba kitabu hakikusema.

Wanaume wengi hawakuwepo. Wanunuzi binafsi wa pamba ndiyo kwanza walikuwa wameruhusiwa, na bei ya soko la Nkoma ilisifiwa, hivyo wanaume walikuwa wamepeleka pamba huko kwa mikokoteni. Kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, alikwenda nao. Tangu masika, wezi wa ng'ombe wenye bunduki walikuwa wakivamia vijiji jirani.

Jioni, ng'ombe wakiwa wamesharudi, tulisikia mwano, yowe letu la hatari. Kisha bunduki.

Wazee wakabishana: wapigane kwa mishale, au wamsubiri kamanda. Ngole akasimama katikati yao.

"Fungueni mazizi. Ng'ombe waende. Watu wote korongoni."

Wakatii.

Mwanawe Masanja, baba yangu mdogo, alichukua upinde. Ng'ombe wake kumi na wanane aliwapata kwa pamba ya miaka tisa.

"Mayu, utemi ulikwisha zamani," alimwambia mama yake, akaondoka.

Hakumzuia.

Tulilala kifudifudi korongoni. Ng'ombe walipita karibu yetu, muda mrefu.

Mlio mmoja wa bunduki.

Halafu mwingine.

Tulimkuta Masanja kwenye mlango wa zizi lake. Mkewe, Kabula, alikaa chini akampakata kichwa.

Wanaume waliporudi, baadhi walisema mkutanoni kwamba kikongwe ametoa mali yao kwa mdomo tu. Ngole hakujitetea. Alisema amri ilikuwa yake, wazee wasilaumiwe. Mwaka uliofuata tulilima kwa majembe ya mkono, tukavuna kidogo, tukala mlo mmoja. Ng'ombe wachache walipatikana. Wengi hatukuwaona tena.

Mimi nilikuwa korongoni, kwa hiyo siwezi kusema alikosea. Hakuna mwingine aliyekufa siku ile. Lakini sikuwahi kumsikia akisema alifanya sawa.

Kabula hakumtukana. Alichukua watoto wake wawili, akahamia kwa kaka yake, huko Nyalikungu. Ngole alimfuata mara mbili kuomba awaone wajukuu. Mara zote mbili Kabula alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, na watoto hakuwaita.