Uzio Nisiouandika

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Nkololo, sina kazi, sina mume, na cha kujivunia kilikuwa kimoja tu: niliandika vizuri. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye herufi zake zililala kila upande, akanifanya mwandishi wa mikutano. Malipo hayakuwepo, ila alinidokeza kwamba nikijituma jina langu litapelekwa wilayani kwa nafasi ya mtendaji wa kijiji. Kichwa kikavimba. Nikaanza kutembea na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na rula.

Niliishi na shangazi, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Yeye alirudi kwao baada ya ndoa iliyokosa watoto, akapewa kipande cha shamba na mahali pa kujenga. Aliniita ng'wanawane, mwanangu, na sikuwahi kuhisi kwamba neno hilo limepungua chochote. Kuni zilikuwa zimekwisha kwetu, kwa hiyo alipikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wa miaka yote hiyo ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mtu wa kwetu akifika hapa ameshaelewa kwa nini nayataja macho hayo mapema. Wanawake wa umri wake walikuwa wakiitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa ajili ya macho kama hayo. Yeye alijua, nami nilijua, na hatukulizungumza hata mara moja.

Tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja baadaye. Ushirika ulikuwa umekufa, ghala lake wamehamia popo, na wanunuzi binafsi wa pamba walipita na mizani zao, mwaka huu wanatugombania, mwaka ujao hatuwaoni. Serikali nayo ilikuwa imebadili maneno. Zamani tuliambiwa tutaletewa. Sasa tukaambiwa tupange wenyewe tunachotaka, na wilaya itatafuta sehemu ya fedha, sisi tutoe nguvu zetu. Mpango huo uliitwa shirikishi. Wazee walilitamka neno hilo kwa uangalifu, wakihofia kulikosea mbele ya wageni.

Mwezeshaji aliyetumwa kutoka wilayani alikuwa kijana mpole mwenye makaratasi makubwa na kalamu za rangi. Tulikaa naye siku tatu kwenye uwanja wa shule. Alichora mahitaji ya kijiji, kila moja kwenye karatasi yake: lambo la kunyweshea mifugo, chumba cha kujifungulia kwenye zahanati, kisima cha pampu, barabara ya kutokea Dutwa. Kila mtu mzima akapewa mbegu tatu za pamba aziweke kwenye mchoro anaoutaka. Alisisitiza kwamba hakuna wazo baya, kwamba maoni yote yataandikwa pamoja na jina la aliyeyatoa, kisha yabandikwe ukutani, ili kesho mtu asije kulalamika kwamba hakusikilizwa. Nilimpenda kwa maneno hayo.

Aliyelitaka lambo kuliko wote alikuwa kamanda wa sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti iliyozoea kutiiwa. Aliweka mbegu zake zote tatu kwenye mchoro wa lambo, akarudi nyuma hatua chache, akasimama kutazama wengine wanaweka wapi. Watu walipita mmoja mmoja mbele yake, na rundo la lambo likazidi kupanda. Mwezeshaji alifurahi kuona tunaelewana upesi namna ile.

Hapo ndipo shangazi aliponyoosha mkono. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema: "Mimi silikatai lambo. Lakini udongo mweusi wa kule bondeni ukilowa unateleza. Mkilichimba bila uzio, mwaka hautaisha kabla halijamchukua mtoto." Akaongeza kwamba hata uzio wa minyaa ungetosha. Kamanda akajibu kwamba utomvu wa minyaa utawapofua ng'ombe wake, tena ng'ombe mwenye kiu hapangi foleni getini. Watu wakacheka. Mwezeshaji alisema ni wazo zuri, litaingia mpango wa mwaka mwingine, na tukaendelea.

Jedwali la muhtasari nililichora mwenyewe. Safu ya mwisho, ya maoni, ilikuwa na upana wa vidole vitatu tu, kwa kuwa niliipa nafasi kubwa safu ya mahitaji. Nikaandika jina la shangazi, na chini yake: alisema mwaka hautaisha kabla lambo halijamchukua mtoto. Ikaenea sawasawa. Uzio niliuacha kwa sababu ulikuwa umekataliwa, na niliona hakuna haja ya kujaza karatasi kwa kitu kilichokataliwa. Nakumbuka nililitazama jedwali lile nikaridhika nalo sana.

Mkutano uliofuata muhtasari ukasomwa haraka haraka, ukathibitishwa kwa kunyoosha mikono. Shangazi alikuwa nyuma kabisa akipukuchua mahindi na wenzake, akanyoosha na yeye. Nakala ikapigwa mhuri, ikabandikwa ukuta wa ofisi ya kijiji.

Lambo lilichimbwa kwa majembe kiangazi kile, kila kaya kwa zamu. Shangazi hakukosa zamu hata moja. Huku nyuma ile karatasi ilikuwa ukutani inasomwa. Nilianza kuona wanawake wamesimama mbele yake, mmoja anafuatisha mistari kwa kidole, na mimi nikikaribia wananyamaza, wananiamkia kwa heshima iliyozidi. Jirani aliyekuwa akija kwetu kila asubuhi kuomba moto akaanza kwenda kuuomba nyumba ya mbali. Siku moja mama mmoja niliyekutana naye kisimani aliniuliza taratibu, huku akijisugulia ndoo: "Shangazi yako huwa anaota?"

Nikacheka, nikamwambia anaota pamba tu. Lakini nilirudi kwa kupitia ofisini, nikaisoma karatasi yangu kwa macho ya watu wengine. Haikuwa onyo tena. Nilinyoosha mkono niibandue. Kisha nikauona mhuri, nikaikumbuka nafasi ya utendaji, nikajiambia nikikamatwa nimechana hati ya serikali nimekwisha. Nikaenda nyumbani. Hadi leo najichukia kwa mkono ule nilioushusha.

Mvua zilikuja mapema na kwa nguvu. Lambo likajaa ndani ya wiki moja, na ng'ombe wakanywa mpaka wakalala kandokando yake. Watu walishangilia. Nyumbani kwetu shangazi aliacha kula vizuri. Kila jioni alikuwa akiuliza kama watoto wote wa majirani wamerudi, na mimi nilimkemea, nikamwambia asiulize kwa sauti.

Hatujamaliza kupanda pamba, mtoto wa kamanda, msichana wa miaka sita hivi, alikwenda kunawa miguu akateleza. Walimtoa mchana, jua liko katikati. Kamanda alimbeba mwenyewe toka bondeni hadi kwake, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Nilimhurumia, na bado namhurumia. Shangazi alichota unga akaenda msibani kama ilivyo desturi. Walimzuia njiani kabla hajafika, akarudi na unga wake, akaumimina tena kwenye mtungi.

Matanga yalipokwisha tukaitwa uwanja wa shule. Palepale. Kamanda alikuwa ameibandua ile karatasi, akanipa niisome mbele ya watu. Nilisoma. Nilipofika kwenye safu ya mwisho sikuinua uso. Kamanda hakupiga kelele. Alimgeukia shangazi akamuuliza polepole, akimwita mama kwa lugha yetu: "Mayu, hayo ni maneno yako?"

Shangazi hakujua kusoma, lakini kumbukumbu yake ilikuwa kali, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikiliza maneno yale kwa makini. Aliusikia uzio unakosekana. Nilijua kwa namna alivyonitazama. Angesema tu kwamba nimeruka maneno, umati mzima ungenigeukia mimi, mwandishi aliyeharibu hati na mtoto amekufa. Nilifungua mdomo niseme mwenyewe. Nitalisema kama lilivyokuwa: nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Ni yangu," akasema. "Ng'wanawane ameandika kama nilivyosema."

Watu wote waliokuwa pale waliusikia ule uzio siku ya mpango kwa masikio yao. Waliucheka. Mwenyekiti alikuwa ameusikia kuliko wote, maana alikaa mbele, na siku hiyo alikuwa akitazama viatu vyake. Sikumsikia hata mmoja akikohoa.

Ili isije kusemwa kwamba kamanda ameamua peke yake, mwenyekiti alipendekeza tutumie njia tuliyofundishwa. Vikachorwa viduara viwili chini, cha shangazi kubaki na cha kuondoka. Mbegu za pamba zikagawiwa, safari hii moja moja. Kamanda aliweka yake, akarudi nyuma hatua chache, akasimama kutazama. Nilipofikiwa nilisema mwandishi hapigi kura. Hiyo sheria niliitunga papo hapo, na walinikubalia. Shangazi naye akapewa mbegu yake, kwa sababu mpango shirikishi haumbagui mtu. Hakuiweka popote. Aliifunga kwenye pindo la kanga akakaa.

Aliondoka kesho yake asubuhi, kwenda kwa ndugu wa mama yake Nassa. Mimi nilimbebea mzigo hadi Dutwa kwenye basi, na kila nyumba tuliyoipita watu waliingia ndani. Njia nzima nilitafuta namna ya kuomba msamaha, nikawa naongelea mvua. Alipokwisha kupanda alichungulia dirishani, akaniambia: "Ukiipata ile kazi, uwe unaandika polepole." Sikumwona tena. Alifia huko, na taarifa ilinifikia wakiwa wameshamzika.

Mwaka uliofuata mwezeshaji alirudi na makaratasi yake. Uzio wa lambo ulipata mbegu zote, hata za kamanda, ambaye alikuwa amekonda na ng'ombe wake aliwaachia wadogo zake. Ulikuwa wa minyaa, na kijiji kizima kiliahidi kuupanda. Mwezeshaji alifurahi sana. Alisema safari hii fomu imeongezwa safu mpya, ya jina la aliyetoa wazo, kwa kuwa wilaya inataka kuwatambua watu kama hao. Akauliza ni nani.

Nilishika kalamu juu ya safu hiyo. Ilikuwa pana, ingetosha jina lake lote na maneno yake yote.

"Andika wananchi," mwenyekiti akasema.

Nikaandika wananchi, kwa mwandiko mzuri. Mwezi huohuo nikaitwa wilayani kwenye usaili, nikapata kazi.