Jagi la Kwinini

Mpangaji wetu hapa Gihundwe, Maman Vestine, hukokotoa kwa kompyuta jinsi kwinini inavyomeza mwanga wa zambarau na kutoa wa buluu. Ili ahakikishe, mimi mchuuzi nilimletea magome ya mti wa kwinini kutoka Bukavu, akayaloweka kwenye jagi la maji ya ndimu.

Jana nikalikuta jagi peke yake. Mchuuzi hauzi asichokionja. Nikaonja mara mbili, maana mara moja si hesabu, glasi nzima ikaisha. Punde masikio yakaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki.

Vestine akaingia. "Papa Zawadi, nani amepunguza maji yangu?"

"Mi sijui, Maman. Lakini muntu akikunywa glasi moja, anakufa?"

"Inategemea moyo wake."

Wangu ulikuwa tayari unakimbia. "Na nusu glasi?"

"Papa, kifo hakina bei ya kupatana."

Akafunga pazia, akawasha taa ya zambarau. Jagi likang'aa buluu. Mke wangu akapiga yowe mlangoni, kidole kikinielekea: ndevu zangu nazo zilikuwa zinang'aa.

"Hautakufa, Papa," Vestine akasema. "Kompyuta iliniambia maji yatawaka. Haikuniambia yataota ndevu."