Mkono wa Babu Nyuma ya Fremu

Asubuhi hii cherehani imepumzishwa. Juu ya meza, mahali pa sare za shule zinazongoja vifungo, fundi ametandaza picha tano za babu yake. Anazikagua kwa jicho lile lile analokagulia mshono wa mteja mkorofi.

Ana haraka. Jumamosi mwashi anakuja kujengea kaburi la babu, na hadi wiki iliyopita baba yake mdogo alikuwa ameshachagua maneno ya kuandikwa: DEREVA WA TRENI.

"Saruji ikikauka haifumuliwi kama gauni," anasema fundi. "Tukimkosea, tumemkosea moja kwa moja."

Katika ukoo huu, udereva wa babu haukuwa na mjadala. Baba mdogo, muuza viatu vya mitumba, aliutangaza mpaka sokoni wakambandika jina la Mtoto wa Dereva. Ushahidi ulining'inia sebuleni kwa shangazi: babu amesimama wima kando ya kichwa cha treni, kofia imemkaa, mkono wa kulia umenyooka hadi ukingoni mwa fremu. Juu yake mwanamume mwingine anachungulia dirishani. Huyo, familia ilishakata shauri, alikuwa utingo.

Fundi hakuridhika. Katika picha zote babu yuko chini.

"Dereva gani haonekani hata mara moja ndani ya treni yake?" alimuuliza shangazi.

"Labda alishuka kupunga upepo."

"Kila picha, shangazi?"

"Baba yangu alipenda upepo."

Wiki iliyopita fundi aliomba ruhusa, akaitoa ile picha kwenye fremu. Nyuma yake alikuta upindo uliokunjwa sawasawa, kama wa suruali ya ofisini. Marehemu bibi alinunua fremu ndogo kuliko picha. Akaona si adabu kumkata mumewe, hata akiwa karatasi. Akamkunja.

Fundi aliufungua taratibu. Mkono wa babu ukatokeza, umeshika wenzo mrefu wa chuma kando ya reli.

Shangazi, mwenye miaka themanini, aliisogeza picha hadi puani. "Chuma hicho!" akapiga kelele. "Nilichapwa kwa ajili ya chuma hicho! Baba alisema nikikivuta ovyo, treni mbili zitasalimiana uso kwa uso."

Kumbe babu hakuendesha treni. Alibadilisha njia za reli, kila treni ishike yake. Na utingo, Mungu awasamehe, ndiye aliyekuwa dereva.

Baba mdogo aliposikia, alikaa juu ya rundo la viatu. "Sasa sokoni wataniitaje?"

"Wakuite wapendavyo, baba," fundi alimjibu. "Ila wangapi walifika kwao salama na hawakumjua aliyewafikisha?"

Baba mdogo aliinuka, akaanza kupanga viatu vyake. Jioni akampigia simu mwashi mwenyewe, akabadilisha maneno: ALIWAPITISHA SALAMA.

"Namshukuru bibi," anasema fundi. "Angekuwa na mkasi karibu, babu tungemzika mara mbili. Na mimi nashona pindo; likishonwa vizuri, hakuna anayeliona. Nilipoijua kazi ya babu, nilijiona nimemrithi."

Sare zikiisha, ataanza kuwatafuta jamaa za yule dereva, awape nakala na kuwaomba radhi kwa cheo cha utingo ambacho ukoo wake ulimpa mzee wao.

Kwanza, Jumamosi. "Nitasimama pale hadi herufi ya mwisho," anasema. "Kisha nitamwambia babu ahsante. Imechelewa, najua. Lakini mtu wa reli hawezi kutushangaa kwa kuchelewa."