Ovaroli Safi Kuliko Zote

Miaka kumi na tisa hapakuwa na ovaroli safi kuliko ya mume wangu katika karakana nzima, na sifa hiyo ni yangu. Yeye alikata mabati ya asbesto, yale ya kijivu ya kuezekea, akarudi mweupe kama aliyelala kwenye unga. Wake wa wenzake walitumbukiza nguo kwenye beseni na vumbi lake, ikatoka na tope. Mimi niliikung'uta kwanza. Naitundika kwenye kamba uani, naichapa kwa ufito mpaka haitoi kitu, ndipo inaonja maji.

Juzi nilikuwa mbele ya daktari. Wameshanitoa maji ubavuni mara mbili. Binti yangu wa mwisho alinishikia mkoba kama vile mimi sina mikono.

"Bibi, uliwahi kufanya kazi kiwandani?"

"Kiwandani nikatafute nini? Nilikuwa na nyumba yangu."

"Na marehemu babu?"

Nikamweleza. Akaacha kuandika. "Nguo zake alifua nani?"

"Jirani," nikamjibu. "Mimi nilikuwa nimelala."

Binti akacheka. Daktari hakucheka. Akaeleza polepole: ugonjwa wangu unaitwa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, na huwapata watu wachache. Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno, jicho halizioni. Ukizivuta zinakaa humo miaka thelathini, arobaini, kimya, ndipo balaa inaanza. Na haichagui mkataji tu, hata mfuaji. Dawa ya kuumaliza hana, ya kunipunguzia anayo.

"Kuna mwingine aliyekung'uta nguo hizo nawe?"

"Hakuna," nikasema. Upesi mno.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama pumzi inakata, nakaa tena. Nimefagia palipofagiwa. Nimebandika sufuria tupu jikoni mpaka ikanuka. Maana binti huyuhuyu, alipokuwa na miaka sita, ndiye aliyenishikia miguu ya ovaroli isirukeruke nikiichapa. Nilimwita mwenyewe, aache mchezo aje. Vumbi likimjia alifumba macho akacheka, mdomo wazi.

Leo asubuhi kaja na kapu la mboga, akalitua mlangoni akihema.

"Unahema nini?"

"Ngazi, mama. Na huu unene. Si wewe ulinilisha?"

"Kaa chini."

"Mgonjwa ni wewe, unaniambia mimi nikae?"

"Nimesema kaa. Unaikumbuka ovaroli ya baba yako?"

"Nitaisahauje? Ulikuwa unanigombeza nishike vizuri."

"Ulishika vizuri," nikamwambia. "Ndiyo shida yenyewe."

Akanitazama. Mkono wake ukapanda kifuani taratibu, ukabaki hapo.

"Mbona ulimwambia daktari hakuna?"

"Niliona aibu."

Neno hilo sijapata kulitamka mbele ya mtoto wangu yeyote. Akaenda kunitafutia viatu.

Daktari nilimwambia kabla sijavuka kizingiti: nilikudanganya, mwandike na huyu. Akasema pumzi hukatika kwa mambo mengi, huenda ni ngazi kweli, lakini atampiga picha ya kifua, na kuanzia leo kifua chake kikisema lolote asingoje.

Sasa binti yumo ndani ya chumba cha picha, mlango umefungwa. Muuguzi kaniletea kiti mara mbili.

"Bibi, keti basi, utaanguka."

"Nikianguka utaniokota," nimemwambia. Siketi mpaka atoke.