Vitabu Vilivyovaa Nguo za Viti

Mume wangu ni fundi wa kushona viti vya magari. Gari hatuna, hata baiskeli hatuna, lakini vitabu vya mbio za magari vimejaa kabatini, vimepanda juu ya kabati, na sasa vimeanza kuninyemelea kitandani. Wauza vitabu vikuukuu wote wa barabarani wanamjua. Wakimwona tu, wanaita, "Fundi, njoo! Cha leo kina matope!"

Maana hivyo ndivyo anavyovipenda: vya rali, magari yamechafuka hadi hayana rangi. Vya magari ya kung'aa yanayozunguka uwanja mmoja hununua pia, ila kwa heshima tu. Vingine vimeandikwa kwa lugha asiyoijua hata neno. Huangalia picha, kisha akanisimulia dereva alivyoikata kona, utadhani yeye ndiye aliyekaa kiti cha pembeni. Nami husikiliza huku najidai nakunja nguo. Ni uongo mtamu, siwezi kukataa.

Kitabu kikiingia nyumbani, kwanza huvishwa. Fundi huyu haachi kitu uchi. Huchukua kipande cha ngozi bandia kilichobaki kazini, akakishona kwa uzi mnene kikaze, na jalada halionekani tena. Macho yake wakati huo yako kwenye mshono, si kwenye kitabu. "Vumbi ni adui," husema.

Kumbe katika vyote hivyo alikuwa anasaka kimoja. Baba yake, enzi za ujana, alisukuma gari la mashindano lililonasa kwenye tope, akapigwa picha. Baadaye aliiona picha hiyo kwenye kitabu cha msafiri mmoja. Tangu hapo amesimulia, na ukoo mzima umemcheka. Hata mimi, nyuma ya mgongo wake, nilimwita Baba Tope. Mume wangu alitaka jambo moja tu: mzee asife akiitwa mwongo. Alikagua kila ukurasa wa kila kitabu. Patupu.

Mwezi uliopita mzee alikuja kututembelea. Mwanawe akamrundikia vitabu mbele yake.

"Baba, hebu kumbuka. Picha ilikuwa ukurasa wa mwanzo au wa katikati?"

"Ukurasa gani tena? Ilikuwa nje, nyuma ya kitabu! Nani kakwambia ndani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi hakucheka. Alichukua wembe akaanza kufumua mishono yake mwenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine. Nikamwonea huruma, nikashika mkasi nikamsaidia.

Kwenye kile cha ngozi nyekundu tulikuta gari limezama hadi milangoni. Nyuma yake kuna kijana katapakaa tope, hana sura wala shati. Kinachoonekana ni meno tu, na katikati ya meno, mwanya.

Nikamtazama mume wangu. Analia huku anacheka, na mwanya wake ni ule ule. Mzee mwenyewe hana tena hata jino moja.

Alikikumbatia kitabu, akanigeukia. "Mkwe wangu, nasikia huwa unaniita Baba Tope. Hebu niite sasa."

Aibu ilinijaa, lakini nikaita, "Baba Tope!"

"Naam!" akaitika, mpaka majirani wakachungulia.