Mnyonyaji wa Baharini

Siku yangu ya kwanza kufundisha baiolojia Newala, Mkuu wa Shule aliitazama chupa ya mnyama wa baharini niliyotoka nayo Mtwara, akacheka.

"Mji mzima hauna maji, Mwalimu, wewe unaogesha mdudu?"

"Si maji, Mkuu. Ni dawa ya kumzuia asioze."

Nilitoka chuo kikuu nikitilia shaka kila kitu, nisijue kwamba pale nami ninatiliwa shaka. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa vinaendelea, na mgeni yeyote alichunguzwa.

Somo lilikuwa kodata wasio na uti wa mgongo, jamaa wa mbali wa samaki na wa sisi binadamu. Badala ya pingili za mfupa wana notokodi, ufito laini unaopita mgongoni. Juu ya ufito hupita neva yenye uwazi ndani, na kooni yapo matundu ya kuchujia maji. Amfioksi, anayefanana na dagaa asiye na macho, hubaki na ufito huo maisha yake yote. Tunikata, yule wa chupani, huwa nao utotoni tu, mkiani. Akishajibandika mwambani, mkia huyeyuka, na ubongo karibu wote.

Tulifundisha kwa Kiingereza. Nilipoona darasa limeduwaa, nikaeleza kwa Kiswahili: "Hana uti wa mgongo, na akipata pa kukaa ubongo unayeyuka. Anakaa palepale, ananyonya maji mpaka afe."

Haikupita wiki, Katibu wa Tawi la chama akaniita.

"Ndugu Mwalimu, huyo mnyonyaji wako ni nani?"

"Ni mnyama, Ndugu Katibu."

"Akipata pa kukaa, ubongo unayeyuka?"

"Ndiyo."

"Na uti wa mgongo hana?"

"Hana."

Akajiinua kitini. "Hapo unamsema nani? Mimi?"

Niliona kazi inaniponyoka, labda na kifungo juu yake. Nikamwomba aje amwone mwenyewe. Alikuja, akaitikisa chupa, akainusa.

"Kweli, mdudu tu. Lakini yeye hakusema neno. Aliyesema ni wewe."

Nikahamishiwa Masasi. Huko nilifundisha hadi kustaafu, na somo la kodata nililifundisha kwa Kiingereza tu, wanafunzi waelewe wasielewe.

Ninyi walimu vijana mnaniuliza kwa nini. Darasani siku ile tulikuwa mimi na wanafunzi wangu, hakuna mwingine. Sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Nikikutana na mmoja wao sokoni, ananiamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Naitikia marahaba, nampa mkono, na bado namchunguza usoni.